Fadhili na Ualimu wa Kiingereza: Habari za Musoma, Bunda na Butiama

Historia ya lugha katika Afrika ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kwa kufuata sheria, tume na maazimio. Twaambiwa ni mwaka gani Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ni tume ipi iliyopendekeza kipandishwe hadi shule za sekondari, na ni waraka upi uliolikataa pendekezo hilo. Ni nadra kuulizwa swali jepesi zaidi: mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akifundisha Kiingereza alisomeshwa na nani, na kitabu alichokishika mkononi kilitoka mfukoni mwa nani?

Makala hii yakusudia kuliuliza swali hilo kwa kutazama sehemu moja tu, yaani Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara. Sehemu hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere, ambaye kabla ya kuwa kiongozi wa nchi alikuwa mwalimu, na Kiingereza kilikuwa miongoni mwa masomo aliyoyafundisha. Pili, ni mjini Musoma, mwezi Novemba mwaka 1974, ndiko lilikopitishwa azimio lililoongeza idadi ya wanafunzi nchini kwa kiasi kisichopata kuonekana, na kwa hiyo likaongeza vilevile haja ya kuwasaidia walimu.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili kina msamiati mpana wa kutoa. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu. Hisani hutolewa kwa wema wa moyo. Zawadi hutolewa kwa mapenzi au kwa heshima. Msaada hutolewa kwa sababu ya haja. Fadhili ni pana kuliko yote hayo, nayo hubeba ndani yake fikira ya deni lisiloandikwa, kwani aliyefadhiliwa hutazamiwa akumbuke. Zamani mfadhili alikuwa mtu mwenye uso na jina, ajulikanaye kwa yule aliyemtendea wema. Siku hizi neno wafadhili, likitamkwa ofisini au gazetini, aghalabu hueleweka kuwa ni serikali za kigeni na mashirika. Hoja ya makala hii ni kwamba badiliko hilo la maana lina historia yake, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo yaweza kusomwa katika habari za walimu wa Kiingereza.

Chifu wa Ikizu na mtoto wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Alipoingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Katika safari hiyo ya kwanza ya elimu hutajwa jina la Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, nchi iliyomo katika Wilaya ya Bunda ya leo. Inasimuliwa kwamba Chifu Makongoro aliiona akili ya kijana huyo akamshauri baba yake ampeleke shule. Huo ulikuwa ushauri tu, wala si fedha. Walakini yeyote aijuaye hali ya miaka ile, wakati ambapo wazazi wengi waliona shule ni kupoteza mchungaji wa mifugo, atakubali kwamba neno la chifu jirani lilikuwa na thamani kubwa. Tulihesabu basi kuwa fadhili ya kwanza.

Jambo ambalo mwanafunzi wa lugha hana budi kuliangalia ni hili: kijana huyo alifika Mwisenge akiwa hajui Kiswahili. Masomo ya Mwisenge yalitolewa kwa Kiswahili, naye akalazimika kujifunza lugha pamoja na masomo yenyewe. Miongoni mwa walimu wake wa Mwisenge anakumbukwa Mwalimu James Irenge. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, na huko Kiingereza ndicho kilichotawala. Hivyo katika muda mfupi alivuka ngazi mbili za lugha: kutoka Kizanaki hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Katika kila ngazi palikuwa na mtu wa kumshika mkono. Makusudi ya washikaji hao hayakuwa mamoja. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani, walimu na machifu wa kesho wenye utii; misioni zilitaka waumini; wazazi walitaka mtoto atakayewasaidia uzeeni. Hakuna aliyekusudia yale yaliyotokea baadaye.

Baada ya Tabora alikwenda Makerere, mwaka 1943, akasomea ualimu hadi mwaka 1945. Katika mwaka huo huo wa 1943 alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma. Alipomaliza Makerere alialikwa kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadri Weupe, na kazi hiyo akaifanya tangu mwaka 1946.

Mpokeaji ageukapo mtoaji

Hapa ndipo tunapoikuta habari ambayo waandishi wengi huipita upesi, nayo kwa makala hii ni ya maana sana. Alipokuwa Tabora, nje ya saa za shule, Mwalimu Nyerere aliwafundisha watu wazima wa mahali pale Kiingereza bila malipo. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo, wala shirika lililomlipa. Kile alichokipata kwa fadhili ya wengine alikitoa tena kwa fadhili, tena kwa watu ambao shule haikuwa na nafasi kwa ajili yao. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwalimu kijana wa shule ya misioni hakuwa na utajiri. Alikuwa na jioni zake, akazitoa.

Mkuu wa shule hiyo, Padri Richard Walsh, ndiye aliyemhimiza aendelee na masomo. Kwa kushauriwa naye alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, akaufaulu mwaka 1948. Kisha akaomba fedha za masomo kutoka katika mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa kwa ajili ya maendeleo na ustawi wa makoloni. Ombi la kwanza halikufaulu. La pili, mwaka 1949, likakubaliwa, naye akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alikopata shahada yake mwaka 1952.

Katika habari hii yuko mtoaji mwingine ambaye hatajwi katika orodha ya wafadhili. Mwalimu Nyerere alisitasita kukubali kwenda Ulaya, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942, na mshahara wake ndio uliomsaidia mama yake na ndugu zake. Basi mfuko wa makoloni ulitoa fedha za chuo, na nyumba ya Butiama ikatoa mshahara wa mwana kwa muda wa miaka mitatu. Tukiweka hesabu sawasawa, mama Mugaya naye alikuwa mfadhili wa elimu ya chuo kikuu, ijapokuwa jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la mfuko huo. Kosa hili la hesabu si la zamani tu. Hata leo, msaada wa elimu utajwapo, hutajwa kile kilichotoka mbali, na kile kilichotolewa na jamaa wa karibu hudhaniwa kuwa ni wajibu wao usiostahili shukrani.

Aliporudi nyumbani alipata kazi katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam, akifundisha Historia, Kiingereza na Kiswahili. Mwezi Julai mwaka 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa rais wake. Mwezi Machi mwaka 1955 alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, na aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu wa Pugu.

Fedha ya kikoloni ilimsomesha mtu atakayeuondoa ukoloni. Kusudi la mtoaji halikuamua matunda. Sababu yake ni kwamba fedha ile, pamoja na makusudi yake yote, alipewa mtu, na mtu huyo alipokwisha kupata elimu hakuna aliyeweza kuichukua tena kutoka kichwani mwake.

Musoma mwaka 1955: mkondo wageuka

Alipoacha kazi Pugu alikuwa na familia na hakuwa na mshahara. Alirudi nyumbani Mara, na huko mapadri wa Maryknoll, wamisionari kutoka Marekani waliofika Musoma tangu mwaka 1946, walimpa kazi ya muda. Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha Kizanaki na kufasiri maandiko katika lugha hiyo. Katika miezi hiyo mtu aliyekuwa amepanda ngazi kutoka Kizanaki hadi Kiingereza aliteremka kwa hiari akawa mwalimu wa lugha ya mama yake, na waliokaa mbele yake kujifunza walikuwa wageni wasemao Kiingereza. Kabla mwaka haujaisha alirudi Dar es Salaam kuitumikia TANU kwa wakati wake wote.

Je, ile ilikuwa fadhili au ilikuwa ajira? Mimi naona ilikuwa yote mawili, na hiyo ndiyo sababu ilifaa. Mapadri walihitaji lugha. Mwalimu alihitaji riziki. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande wa pili haukuwa nacho. Msaada wa namna hiyo haumshushi mtu hadhi, kwani hapewi kwa kuonewa huruma bali kwa kuhitajiwa. Baadaye, katika miaka ya 1960, Maryknoll walikuwa na shule ya lugha huko Makoko, mjini Musoma, ambamo wageni walifundishwa Kiswahili kabla ya kwenda kazini. Hivyo mji ule ule wa Musoma, uliokuwa ukipokea walimu wa Kiingereza kutoka nje, ulikuwa pia ukiwafundisha watu wa nje Kiswahili. Mwenye kuandika historia ya misaada ya lugha katika Mara akiutaja mkondo mmoja na kuuacha wa pili, atakuwa ameandika nusu ya habari.

Matunda ya mwisho ya elimu hii ya Kiingereza yalionekana katika Kiswahili. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 tafsiri hiyo ikatoka tena, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1969 pia ikatoka Mabepari wa Venisi. Wanazuoni wamejadili sana neno mabepari katika jina hilo, kwa kuwa mfasiri angeweza kusema wafanyabiashara, akachagua neno lenye hukumu ndani yake. Kwa kusudi letu yatosha kukumbuka kisa chenyewe: yuko akopeshaye bila riba, na yuko akopeshaye kwa sharti la kukatiwa ratili ya nyama ya mwilini mwa mkopaji. Tofauti baina ya mkono unaotoa na mkono unaofunga ndiyo tutakayokutana nayo katika sehemu ifuatayo.

Baada ya Azimio la Musoma

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 walimu wa sekondari walikuwa wachache. Katika mwaka huo huo ulianza mpango wa kuleta walimu vijana kutoka Marekani na Uingereza kufundisha katika shule za sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Makerere na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia vilikuwa na sehemu kubwa katika kuwatayarisha. Waliokuwa walimu katika mpango huo waliunda miaka mingi baadaye chama chao, ambacho kimepeleka misaada midogo kwa shule za Afrika ya Mashariki. Hao ni wafadhili wa namna ya zamani, wenye uso na jina, kwa maana wanazikumbuka shule na wanafunzi wao.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo tu. Kisha mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimu kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo mwezi Novemba 1977. Wakati wa Azimio hilo watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, kufika mwaka 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Vyuo vya ualimu visingeweza kuzaa walimu wa kutosha kwa kasi hiyo. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa njia ya masomo ya posta na redio na kwa kufundisha chini ya uangalizi wa walimu wakongwe. Wanakijiji nao walijenga madarasa na nyumba za walimu kwa mikono yao. Hizo nazo ni fadhili ambazo hakuna balozi aliyezitangaza.

Azimio lilikuwa tendo kubwa la haki, na kuliita kosa ni kuwasahau mamilioni waliojua kusoma kwa sababu yake. Walakini katika somo la Kiingereza lilileta shida ya wazi. Kijana wa darasa la saba, aliyejifunza Kiingereza kidogo kama somo tu, alitakiwa akifundishe kwa watoto watakaokwenda sekondari na kufundishwa masomo karibu yote kwa lugha hiyo. Mwalimu huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amepewa mzigo bila kata.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika kidato cha kwanza tangu mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui vya kutosha kusomea masomo yao. Pamoja na hayo walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kitiliwe nguvu. Kutokana na ushauri huo ulianzishwa mwaka 1987, kwa fedha za serikali ya Uingereza, mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ambao uligawa vitabu vyepesi vya kusoma katika shule za sekondari na kuwapa walimu mafunzo.

Vitabu vile vilikuwa vizuri, na walimu waliovipokea walifurahi. Baadhi ya wanazuoni wa Dar es Salaam na wa ng'ambo wameandika kwamba msaada ule ulifungamana na kubaki kwa Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Tukumbuke hali ya nchi: mwaka 1986, baada ya miaka ya dhiki ya uchumi, Tanzania ilitia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwenye njaa hachagui sana. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba uamuzi haukutoka nje peke yake. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwana wa Butiama, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na hakutaka kiachwe. Mtu aliyekipa Kiswahili Shakespeare alitaka pia kijana wa Tanzania amsome Shakespeare kwa lugha yake ya asili. Anayetaka kuwalaumu wafadhili peke yao atakutana na jambo hilo njiani.

Hata hivyo tofauti baina ya msaada wa mwaka 1949 na ule wa mwaka 1987 yabaki pale pale. Ule wa kwanza alipewa mwalimu. Akaenda nao alikotaka, hata akafika mahali ambapo mtoaji hakupenda. Ule wa pili, kwa sehemu yake kubwa, ulipewa kanuni: ulilenga kuikaza lugha ya kufundishia katika mahali ambapo tume ya nchi yenyewe ilikuwa imependekeza ilegezwe. Mwalimu wa Bunda aliyepokea sanduku la vitabu hakuulizwa kama angependa kuwafafanulia wanafunzi wake Historia au Sayansi kwa lugha wanayoielewa. Alisaidiwa kufanya kazi ngumu, lakini hakusaidiwa kuuliza kwa nini kazi iwe ngumu kiasi hicho.

Haifuati kwamba misaada kwa walimu wa Kiingereza ni mibaya. Kiingereza kinahitajiwa, na mwalimu wake astahili vitabu, mafunzo na nyumba ya kukaa kama mwalimu mwingine yeyote. Linalofuata ni kwamba katika kuupima msaada tusiishie kuuliza umetoka wapi na ni kiasi gani. Tuulize umewekwa mkononi mwa nani, na kama mkono huo waweza kuutumia kwa hiari yake. Tuulize tena ni nani wengine waliotoa bila kuandikwa: chifu aliyetoa ushauri, mama aliyetoa mshahara wa mwanawe, wanakijiji waliotoa siku zao za kufyatua matofali.

Mjini Butiama iko makumbusho ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Mtafiti wa lugha aendaye huko ataiona nchi ile ile ambayo kijana wa miaka 12 aliondoka kwenda Musoma, mwendo wa kilomita kama 40, akiwa hana ila Kizanaki. Mwaka 1996, karibu na mwisho wa maisha yake, mwanafunzi huyo wa Mwisenge alitoa tenzi za Injili nne na Matendo ya Mitume, kwa Kiswahili. Hakuna mfadhili wa elimu yake, si chifu, si padri, wala si mfuko wa makoloni, aliyemwagiza kazi hiyo. Aliifanya kwa hiari yake, kama alivyozitoa zile jioni za Tabora.